MITANDAO MBADALA: FUNGUO ZIKO KWA NANI?

(Huu ni mhadhara uliotolewa mbele ya vijana na wazazi hapa Shieywe, Kakamega, baada ya swala ya Alasiri. Umeandikwa karibu kama ulivyosemwa, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Amma baad. Mada niliyopewa na kamati ya vijana ni hii: kama hatupendezwi na mambo ya Facebook, WhatsApp, TikTok na X, je, tuhamie wapi? Na mmoja wao akaongeza pembeni kwa kalamu nyekundu: "Je, kuna mitandao ya Kiislamu?" Ningependa nianze na hilo la kalamu nyekundu, maana ndilo lenye mtego.

Mwezi huu wa Ramadhan kila mtu anatazama simu ajue Magharibi inaingia saa ngapi. Kuna programu moja mashuhuri inaitwa Muslim Pro. Inakupa nyakati za swala, inakuonyesha kibla, ina Qur'ani ndani. Kufikia mwaka 2020 ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani. Jina lake la Kiislamu, kazi yake ya ibada. Sasa sikilizeni. Novemba 2020 waandishi wa habari wa Motherboard kule Marekani waliandika kwamba taarifa za mahali walipo watumiaji wa programu hiyo zilikuwa zikipelekwa kwa kampuni inayoitwa X-Mode. Na X-Mode kazi yake ilikuwa ni kukusanya taarifa kama hizo kutoka programu mbalimbali na kuziuza, na miongoni mwa wanunuzi walikuwemo makandarasi, na kupitia kwa makandarasi hao, jeshi la Marekani.

Hebu fikirini kidogo. Simu inakuuliza uko wapi ili ikuambie kibla ni upande gani. Hilo ni jambo la haki kabisa, bila hivyo itajuaje? Lakini mahali ulipo Alfajiri ni msikiti unaoswali. Mahali ulipo usiku ni nyumba unayolala. Ukiviunganisha vitu hivyo kwa mwezi mmoja, huhitaji tena kumuuliza mtu jina lake. Wenye programu walisema, baada ya habari kutoka, kwamba wanakata uhusiano na X-Mode mara moja. Na Januari 2024 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliikataza kampuni hiyo, ambayo sasa ilikuwa imebadilisha jina ikaitwa Outlogic, kuuza taarifa za watu wanaokwenda sehemu nyeti, zikiwemo nyumba za ibada. Lakini hapo ilikuwa imeshapita miaka mitatu na zaidi, na kilichouzwa kimeuzwa. Taarifa si gunia la mahindi, kwamba ukilirudisha ghalani mambo yamekwisha.

Kwa hivyo kijana mwenye kalamu nyekundu, jibu langu ni hili. Mitandao yenye majina ya Kiislamu imekuwepo. Muxlim ilianzishwa Finland mwaka 2006 na ikafungwa mwaka 2012. Mwaka 2010 Pakistan walipofungiwa Facebook kwa muda, vijana wa Lahore walianzisha Millatfacebook yao. Haikuwatoa watu kule walikokuwa. Jina peke yake halilindi kitu. Mtu anaweza kuandika "halali" juu ya duka na nyama ikawa imetoka asikojua yeye mwenyewe.

Basi tuulize nini badala ya jina? Mimi nauliza kama ninavyouliza kuhusu nyumba ya kupanga. Nani analipa kodi ya nyumba hii? Funguo ziko kwa nani? Na siku nikitaka kuhama, nitaruhusiwa kutoka na vyombo vyangu? Mtandao wowote mtakaoletewa, uwe wa Wamarekani, wa Wachina, wa ndugu zetu Waislamu au wa mpwa wako anayesoma kompyuta pale Masinde Muliro, mpitisheni katika maswali hayo.

Tuipitishe WhatsApp, kwa sababu huko ndiko tunakoishi. Facebook iliinunua WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19. Sisi hatulipi senti. Je, mtu mwenye akili anaweka dola bilioni 19 mahali pasipo na faida? Tuwe waadilifu lakini: yale unayoandika ndani ya WhatsApp yamefungwa, wenye kampuni hawayasomi, na ufungaji huo umekuwepo kwa watu wote tangu mwaka 2016. Wanaosema kuna mtu amekaa anasoma meseji zako wanakosea. Ila bahasha ikifungwa, juu yake bado kuna jina la mpelekaji, jina la mpokeaji, saa, na mara ngapi kwa siku. Nani yuko kwenye kikundi gani. Nani anampigia nani baada ya Isha. Hiyo bahasha ndiyo mali yao. Na tangu Juni 2025 walitangaza kwamba matangazo ya biashara yanaingia WhatsApp pia, katika ile sehemu ya kuangalia hali za watu.

Na tumeweka nini huko? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu sizungumzii picha za harusi. Taarifa zetu za mauti zinapita huko: fulani amefariki, janaza ni baada ya Adhuhuri, kaburi linachimbwa mahali fulani. Michango ya futari iko huko: nani ametoa, kiasi gani, nani ameahidi hajatoa. Mgonjwa anayehitaji damu. Mjane anayesaidiwa kwa siri, na siri yake imeandikwa ndani ya kikundi cha watu 12, na kila mmoja wa hao 12 ana simu ambayo mtoto wake anaichezea. Majina ya watoto wa madrasa na namba za wazazi wao. Hizi zote ni amana. Katika dini yetu hakuna anayehitaji kufundishwa neno amana maana yake nini.

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kwa saa zetu, kabla hata ya saa moja, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Hakuna aliyewashambulia, ni wao wenyewe walikosea katika kurekebisha mitambo yao, na ikasemekana hata wafanyakazi wao walipata taabu kuingia katika majengo yao. Sasa jiulize: kama mtu angefariki Shieywe jioni ile, tungewaambiaje jamaa wa Mumias, wa Butere, wa Kisumu? Wangapi kati yetu wana namba za majirani nje ya WhatsApp? Zamani alikuwa anatumwa kijana na baiskeli. Siku hizi tuna boda boda kila kona na hatujui nyumba ya nani iko wapi, tunajua picha yake ya wasifu.

Wapo watakaosema, wewe unaogopa kuzimika tu. La. Kuna kuzimwa na kuna kufutwa. Desemba 2023 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya Facebook na Instagram. Katika Oktoba na Novemba za mwaka huo liliorodhesha visa zaidi ya 1,050 vya maneno ya watu kufutwa au kufichwa, watu wa nchi zaidi ya 60, karibu yote yakiwa ni maneno ya amani ya kuwaunga mkono Wapalestina. Hapo huna kadhi wa kumwendea. Unajaza fomu, unajibiwa na mashine.

Na hata pale panapohitaji kufutwa kwa haki, yaani uchafu, mauaji, uchochezi, anayefuta ni nani? Ni vijana kama ninyi. Walikuwa wakikaa Nairobi, wameajiriwa na kampuni ya Sama kwa niaba ya Facebook, wakitazama siku nzima mambo ambayo mimi sitayataja mbele ya mama zetu. Mei 2022 mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alikwenda mahakamani Nairobi. Mwaka 2023 wakafuata wengine zaidi ya 180. Kampuni ikasema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema inaweza kushtakiwa hapa. Nawapongeza vijana hao. Usafi wa kioo chako cha simu kuna mtu aliulipia kwa usingizi wake.

Sasa, mtasema, basi tuhame sote kesho. Polepole. Kuna watu walitutangulia katika jambo hili.

Mwaka 1930 kule Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye mwaka 1937 alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa. Mwaka 1932 akatoa gazeti, Al-Islah. Magazeti makubwa ya koloni yalikuwepo, na yalikuwa na wenyewe na haja zao. Hakuwaomba wamwachie ukurasa. Alitoa yake, kwa lugha ya watu wake, akawasema Waislamu wenzake kwa uvivu na kwa kuacha elimu mpaka wengine wakachukia. Al-Islah halikuishi miaka mingi. Lakini makala za Sahifa zilikusanywa baadaye zikawa kitabu, Uwongozi, na mpaka leo kinasomwa. Zingatieni: gazeti lilikufa, maneno hayakufa, kwa sababu nakala zilikuwa mikononi mwa watu. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa kaseti za mawaidha, wazee hapa wanazikumbuka, za Mombasa na Zanzibar. Mtu alitoka nayo pwani kwa basi, ikanakiliwa, ikanakiliwa tena mpaka sauti inakoroma. Lakini hapakuwa na kampuni ya kusema kaseti hii imeondolewa.

Na katika zama za intaneti? Wakenya walikuwa na uwanja wao wa kujadiliana, Mashada, ulioanzishwa na David Kobia mwaka 1999, kabla Facebook haijazaliwa. Ulikuwa huru, ulikuwa wetu. Ikaja Januari 2008, nchi inaungua, na matusi ya kikabila yakamiminika humo kiasi kwamba waliokuwa wakisimamia hawakuweza tena kuyazuia. Kobia akaufunga. Yeye na wenzake, Ory Okolloh, Juliana Rotich na Erik Hersman, mwezi huo huo wakatengeneza Ushahidi, ramani ya kupokea taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi kwa meseji za kawaida na kwa intaneti. Programu hiyo waliiacha wazi kila mtu aitumie, na mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko. Mimi huwaambia vijana: mkitaka kujua kama Mkenya anaweza, mnayo hiyo. Lakini msisahau nusu ya kwanza ya kisa. Kuwa huru hakumfanyi mtu kuwa na adabu. Uwanja wenu wenyewe unahitaji msimamizi wenu wenyewe, anayelala akiwa na simu pembeni.

Jirani zetu wa Tanzania wana JamiiForums, ya tangu mwaka 2006, na Maxence Melo ni mmoja wa waanzilishi wake. Desemba 2016 alikamatwa kwa kukataa kuwapa polisi majina ya watu walioandika humo. Juni 2018 ilizimwa kwa muda baada ya serikali kutoa kanuni mpya za leseni, na Septemba 2025 ikasimamishwa kwa siku 90. Naitaja ili mjue kwamba funguo zikiwa kwako, anayegonga mlango usiku anagonga kwako. Melo alizishika. Si kila mmoja ataziweza.

Naam, tuje kwenye vitu vyenyewe.

Kwa mazungumzo ya kamati, ya michango, ya wagonjwa na wajane, mimi ningechagua Signal. Mmoja wa waasisi wa WhatsApp yenyewe, Brian Acton, aliondoka Facebook mwaka 2017, na Februari 2018 akatoa dola milioni 50 kusaidia kuunda taasisi inayoisimamia Signal. Haitafuti faida, haina matangazo, inaishi kwa michango. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliwataka watoe taarifa za mtumiaji. Walichokuwa nacho ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho ilipounganishwa, basi. Bahasha yenyewe hawaiweki. Bado inahitaji namba ya simu kujiandikisha, ila tangu Februari 2024 unaweza kuificha namba hiyo na watu wakakujua kwa jina ulilochagua. Dada zetu wanaosumbuliwa na watu waliochukua namba zao kwenye vikundi, hilo ni lenu. Kikundi kinachukua mpaka watu 1,000.

Telegram? Wengi hudhani ni siri. Si hivyo. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayafungwi kama ya WhatsApp au Signal, na vikundi vyake havifungwi kabisa. Tena ni mali ya mtu mmoja. Kwa kusambaza darsa ambazo kila mtu anaruhusiwa kusikia, sawa. Kwa amana, hapana.

Kwa yale tunayotaka dunia yote ione kuna Mastodon, iliyoanzishwa Ujerumani na Eugen Rochko mwaka 2016. Hii si nyumba moja, ni mtaa wa nyumba nyingi. Kila jamii inaweza kuwa na seva yake na masharti yake, na bado ukamsoma aliye kwenye seva nyingine, kama vile mtu wa Safaricom anavyompigia wa Airtel. Ukichukizwa na mwenye nyumba unahamia nyingine na wanaokufuata wanakuja nawe. Kwa video ipo PeerTube, ya Framasoft wa Ufaransa, kwa mpango huo huo. Sitawadanganya: ukiingia huko leo utakuta Waswahili wachache sana. Na seva ina kodi ya kila mwezi, inahitaji mtu wa kuitunza, na akipata kazi Qatar akaondoka na neno la siri, mmekwisha. Kwa hiyo hilo naliweka baadaye, likiwa na watu watatu wenye funguo, kama tunavyofanya na funguo za sanduku la msikiti.

Kuna ukuta mwingine ambao wahubiri wa mitandao mbadala hawautaji, nao ni bando. Wengi wetu tunanunua kile kifurushi cha bei nafuu cha WhatsApp peke yake. Mama mwenye shilingi 20 hawezi kuambiwa afungue Signal. Bando lake halimfikishi huko. Tukihamisha kila kitu tutakuwa tumewaacha nyuma wale tunaodai kuwalinda. Kule Kibera, Nairobi, vijana wa Tunapanda wametengeneza mtandao wao wa jamii, TunapandaNET, unaounganisha shule na vituo kwa minara yao wenyewe, na masomo yaliyohifadhiwa hapo hapo yanafunguliwa bila kununua intaneti ya nje. Nawaambia hivi kwa sababu madrasa yenye kompyuta moja ya zamani na kifaa kidogo cha wifi inaweza kufanya hivyo kwa darsa zake. Mtoto anakuja na simu, anachukua somo, anarudi nalo nyumbani.

Na tarehe 25 Juni 2024 mliona wenyewe intaneti ilivyosuasua nchini siku ya maandamano. Januari 2021 hapo ng'ambo ya Busia, Uganda, Facebook ilifungwa siku mbili kabla ya uchaguzi, kisha intaneti nzima ikakatwa kwa siku kadhaa. Barabara ikikatwa, gari lako liwe la kampuni kubwa au lako mwenyewe, limesimama. Zipo programu kama Briar zinazopeleka ujumbe simu kwa simu kwa Bluetooth bila intaneti, lakini mwendo wake ni wa karibu. Hakuna iliyoshinda daftari.

Ndiyo, daftari. Ninachokipendekeza kwa chama chetu kinaanzia hapo. Tuandike majina na namba za kila nyumba, kwa mtaa, katika daftari mbili, moja kwa katibu na moja kwa mzee mmoja. WhatsApp tusiifunge, ibaki kuwa ubao wa matangazo tu, wenye kuandika wawe viongozi. Mambo ya pesa, ugonjwa na misaada yatoke humo yaende Signal, kwa watu wachache, na ujumbe ujifute baada ya muda. Darsa zote zilizorekodiwa tangu huko nyuma zikusanywe katika diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, ndipo ziwekwe YouTube au popote mnapotaka. Google ilifunga Google+ yao Aprili 2019, na ni kampuni kubwa kiasi gani? Anayehifadhi kumbukumbu zake kwa mwenzake, wahenga wamesema nguo ya kuazima... mengine malizeni wenyewe, tuheshimu mwezi.

Na picha za watoto wa madrasa zikome kupandishwa bila ruhusa ya mzazi. Hili si pendekezo. Sheria ya Kulinda Data ni ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya eneo la Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Nasi hatuna hata hizo 550,000.

MASWALI

Mama mmoja aliuliza: "Ustadh, kijana wangu wa kidato cha tatu nilimkuta na hiyo Signal. Anaficha nini? Mbona mtu mwema anahitaji mahali pa kujificha?"

Jibu: Mama, swali lako lina haki. Nyumbani kwako kuna mlango wa chumba na kuna pazia, na huku si kuficha dhambi, ni sitara. Lakini pia najua mlango huo huo unaweza kufungwa na mtu mwenye nia mbaya, na programu inayofuta ujumbe inamfaa mwizi kama inavyomfaa mjane. Hilo hakuna kampuni itakayokutatulia. Usimnyang'anye simu. Kaa naye, mwambie akuonyeshe inavyofanya kazi, akufundishe, uwe nayo na wewe. Mtoto anayemfundisha mamake anazungumza mengi bila kuulizwa. Na ukiona anazungumza na mtu mzima usiyemjua, hapo acha sitara, uliza.

Kijana mmoja aliuliza: "Mimi nauza mitumba kwenye Facebook, wateja wangu wote wako huko. Nikitoka, nitakula nini? Na nikibaki, ndio nimeshindwa?"

Jibu: Usitoke. Soko haliko Mastodon, liko uliko. Sheikh Al-Amin hakuwakataza watu kwenda Markiti kwa sababu hakulijenga yeye. Ila leo usiku, ukirudi, chukua kalamu. Kila mteja aliyenunua kwako zaidi ya mara moja, muombe namba yake, muandike jina, saizi ya nguo na anakoishi. Ukurasa wako ukifungwa kesho asubuhi kwa kosa ulilofanya au usilofanya, utakuwa umepoteza ukurasa, hukupoteza wateja. Hiyo kazi ni ya siku tatu, na mteja akikataa kukupa namba, mshukuru, naye ameanza kuelewa.

Jumamosi hii baada ya Tarawehe, watakaotaka kusaidiwa kuweka Signal waje na simu zikiwa na chaji, na wawe wameacha nafasi kidogo ndani, maana simu zimejaa video. Wenye simu ndogo za kitufe waje pia, tena wawe wa kwanza, kwa sababu daftari inaanza na wao. Dada wawili wamejitolea kuwahudumia akina mama upande wao. Tunahitaji pia mtu mwenye mwandiko unaosomeka.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.